Wali wa Don Leopoldo

Pucará Alto, 7 Agosti 1994

Kwa dada yangu Hermelinda, aliye Quito.

Amani ya Bwana iwe juu ya nyumba yako, ingawa ni nyumba iliyonificha jambo.

Tulikuwa uwanjani tukipura shayiri, Nabor, dereva wa basi la Alhamisi, aliposimamisha gari akanisalimu kwa lile jina la heshima, Taita, yaani baba, kwa maneno haya: "Pole, Taita Melchor, kwa kidole cha bibi." Nikamwuliza ni kidole gani. Akashtuka, akavua kofia. Hivyo ndivyo mimi, mzaliwa wa kwanza wa tumbo lile, nilivyopata habari kwamba mama yetu amekatwa kidole cha mguu wa kushoto katika hospitali ya mjini, na kwamba kidonda kilianza tangu Pasaka. Nimezipata kwa dereva, mbele ya wapuraji na farasi wao.

Mficha maradhi kilio humfichua. Wewe hukungoja hata kilio. Umefichuliwa na basi.

Nilikwenda kwa Sista Eulalia, mtawa mwuguzi wa zahanati yetu. Aliniuliza neno moja tu: "Anakula nini huko?" Nikamjibu kwa yale niliyoyaona kwako wakati wa Kwaresima: wali mweupe asubuhi, wali mweupe mchana, mkate laini jioni, na maharage uliyoyachuja hata yakabaki maji yenye rangi. Sista akatikisa kichwa. Akanifundisha kwamba wanga uliovuliwa ganda lake huingia katika damu kama moto wa mabua: hulipuka mara moja na kupita kiasi, na mwili wa mwenye kisukari hauna nguvu ya kuuzima. Bali nafaka iliyobaki na makapi yake, na maharage yaliyobaki na maganda yake, huwaka polepole kama kisiki, kwa kuwa zile nyuzinyuzi huuzuia wanga usikimbilie damuni. Sukari ikikaa juu siku zote huharibu mishipa, na mguu, kwa kuwa uko mbali na moyo, huwa miongoni mwa vya kwanza kufa.

Lakini mimi natazama mbali kuliko sahani. Unamkumbuka don Leopoldo, bwana wa shamba lile ambamo tulizaliwa tukiwa watumwa bila jina la utumwa. Mungu aliiozesha miguu yake yote miwili, ikakatwa mmoja baada ya mwingine, kwa ajili ya migongo aliyoichapa. Kila mwaka nalihubiri hilo kigangoni. Basi mguu unaooza si fungu la mwanamke mwenye haki. Tafuta dhambi iliyo katika nyumba ambamo kidonda kimeanzia.

Mrudishe mama kabla shayiri haijaingia ghalani.

Ndimi kaka yako,
Melchor Pilatasig,
katekista wa kigango cha Pucará Alto


Quito, 14 Agosti 1994

Kaka Melchor,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana nilidhani imetoka kwa askofu.

Nilificha, ndiyo. Mama mwenyewe ndiye aliyeniapisha. Alisema, "Usimwambie Melchor, atakuja na maji ya baraka na hotuba, na mimi nina usingizi." Sasa mlaumu yeye, kama unathubutu.

Dhambi ya nyumba yangu unaitaka? Haya. Namlisha mama wali. Umesahau wewe? Mama alikuwa akipika wali katika jiko la don Leopoldo, sisi tumekaa nje ya mlango pamoja na mbwa, harufu inatupiga puani. Ukoko walipewa mbwa. Sisi tulipewa machika, huo unga wa shayiri iliyokaangwa ambao leo unausifu kama mana, makapi yanakwama kooni mpaka machozi yanatoka. Wewe ndiye uliyekuwa ukilia zaidi. Mama akatuambia, "Mkikua mtakula wali." Basi nimekua, Kaka. Nina duka langu, lina mlango wa kioo. Mama yangu hatakula tena kitu ambacho hata mbwa wa don Leopoldo walikinusa wakaondoka.

Daktari kasema aache sukari, nimeiacha. Chai yake haina hata chembe. Soda nimepiga marufuku nyumba nzima, watoto wananinunia. Wali hauna utamu. Weka ulimini uone. Mkate wa chumvi hauna utamu. Na maharage nayachuja kwa sababu mzee hapewi maganda, maganda ni ya vibarua na nguruwe. Tangu lini nikafundishwe kumpikia mama na mtawa ambaye hajawahi kukaripiwa na mama mkwe?

Wewe pura shayiri yako.

Hermelinda


Quito, 30 Agosti 1994

Mwizi,

Umekuja siku ya soko kubwa, ukijua sipo. Jirani yangu doña Piedad ananisimulia huku anafuta machozi: "Kaka yako kamfunika bibi shali, kambeba mgongoni mpaka kituo cha basi, anasali rozari njia nzima. Nilidhani naona picha ya kanisani." Picha ya kanisani! Mimi nimeona kitanda kitupu.

Umeacha viatu vyake. Umeacha miwani yake. Na umeacha vidonge vyake juu ya rafu, chini ya Bikira Maria, na doña Piedad anasema hapo hapo ulisimama ukapiga ishara ya msalaba. Macho yako yalikuwa juu kwa Bikira. Yangeshuka shubiri moja tu ungeviona.

Vidonge nimempa Nabor leo. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Ukimnyima ukampa maji ya baraka, naapa kwa kaburi la baba, nitapanda huko mlimani nikuvue hilo joho lako mbele ya kigango kizima.

Hermelinda


Pucará Alto, 18 Septemba 1994

Kwa Hermelinda.

Vidonge vimefika, na mama huvimeza mbele yangu asubuhi na jioni. Mimi si mtu wa kumdharau tabibu. Sala na kidonge havijapata kugombana katika nyumba hii. Wagombanao ni ndugu.

Neno uliloanzia barua yako nimelisoma, nami sitalijibu. Mtoto hamwibi mama yake. Huenda akamwokoa.

Sasa sikia jinsi anavyoishi. Asubuhi hupewa machika iliyokorogwa kwa maji ya moto, wala si kwa kupita kiasi, kwa maana Sista Eulalia alinionya mapema: "Hata hiyo ni wanga, Taita. Bakuli, si ndoo." Mchana hula maharage mapana pamoja na maganda yake, na kabichi, na vile viazi vidogo vya mlimani anavyovipenda. Jioni, supu ya kwinoa, ile nafaka yetu ya mlimani. Kidonda kimeanza kukauka pembeni. Anakwenda kigangoni kwa miguu yake mwenyewe, akiegemea bega la binti yangu Zoila. Waamini wamefurahi kupita kiasi kumwona mama wa katekista wao; kila Jumapili baada ya ibada nyumba yangu haina pa kukanyaga kwa wageni.

Limepungua jambo moja. Mwenye mashine ya kusaga pale njia panda huchekecha unga wangu na kunirudishia ukiwa mweupe kama poda, akidhani ananiheshimu. Nimemkataza, hasikii. Jiwe la kusagia la mama lingalipo jikoni kwangu, na simbilisi, wale panya wetu wa kufugwa, wamelifanya kitanda. Lakini jiwe la juu, lile la mkononi, ambalo wazee wetu huliita mwana, ulilichukua siku uliyomhamisha mama. Jiwe mama bila mwana halisagi kitu.

Ulirudishe.

Melchor Pilatasig


Quito, 2 Oktoba 1994

Kaka,

Jiwe si lako. Mama alinipa mwenyewe nilipokuwa na mimba ya kwanza. Linashikilia mlango wa duka langu usipigwe na upepo, na kazi hiyo linaifanya kimya kimya, tofauti na makatekista fulani.

Umeniandikia mistari mingi juu ya supu. Hukuandika namba. Sista anamtoboa kidole mama, au hamtoboi? Anapomtoboa anaandika sukari ngapi? Mimi nilikuwa naandika kila wiki. Niambie namba, nitajua kama shayiri yako ni dawa au ni majivuno.

Na miguu yake anaifunika akilala? Nauliza tu kwa sababu viatu vyake vya sufu bado viko hapa chini ya kitanda. Simpi Nabor. Ukivitaka, njoo uvichukue mchana, kama watu wengine.

Hermelinda


Pucará Alto, 6 Novemba 1994

Kwa Hermelinda.

Mama yu mzima, tumshukuru Mungu. Siku ya Marehemu Wote tulikwenda makaburini, tukakaa na baba, na jamaa wengi walimsalimu mama kwa heshima kubwa.

Namba ni kazi ya Sista.

Lete jiwe.

Melchor Pilatasig


Quito, 13 Novemba 1994

Katekista,

"Mama yu mzima." Uliandika hivyo ukiwa umeshika rozari?

Nabor kanieleza yote. Alikaa dukani kwangu akageuza kofia mikononi kama mtu aliyeua. Mama alianguka makaburini, juu ya kaburi la baba, akiwa na mkate mmoja mkononi na mingine imefungwa kwenye shali. Wakambeba mpaka zahanati, na siku ulipokuwa unaniandikia kwamba yu mzima, alikuwa amelazwa hapo, na bado yuko hapo. Kidonda kimefumuka. Sista anazungumzia kidole cha pili. Sukari yake imepanda kuliko ilivyowahi kuwa kwangu, mimi mwenye dhambi, mimi wa wali!

Nikamwuliza Nabor, "Kwani mama alikuwa anakula nini huko?" Akacheka, maskini, akidhani naulizia habari njema. "Ee, señora, bibi anakula kama malkia! Jumapili foleni inatoka mlangoni mpaka kwenye zizi. Huyu na mkate wa mjini, huyu na sufuria ya wali, huyu na soda. Taita Melchor anaombea baraka kila kitu, bibi anaonja kwa kila mtu."

Nyani haoni kundule. Uliniambia nitafute dhambi katika nyumba yangu. Haya, mhubiri, nakurudishia swali lako, nimelifuta vumbi: ni dhambi gani iko katika nyumba yako?

Nitakuja na gari la kukodi na barua ya daktari. Nitamchukua, na safari hii hutamwona tena mpaka siku ya kumzika.

Hermelinda


Pucará Alto, 20 Novemba 1994

Kwa Hermelinda.

Nimesoma. Nitajibu kwa utaratibu, ingawa wewe hukuandika kwa utaratibu.

Unaijua desturi yetu. Duka la kioo haliwezi kukusahaulisha. Mkono mtupu haulambwi. Hakuna aingiaye kwa mzee pasipo kitu, na kitu cha heshima ni kile kisichoota hapa kwetu: mkate wa unga mweupe, wali, kinywaji cha chupa. Naye mzee hula mbele ya aliyeleta, walau nusu, la sivyo amemtemea mate usoni. Watu wa Pucará walimheshimu mama kwa kadiri walivyomheshimu katekista wao. Mikate ile sikuihesabu kuwa chakula. Niliihesabu kuwa mapenzi. Kwangu chakula chake kilikuwa kile tu kilichopikwa na jiko langu.

Sista Eulalia aliniita kando ya kitanda cha mama.

"Taita, Jumapili mama alikula nini?"

"Machika, Sista, na maharage. Kama ulivyoagiza."

"Na baada ya ibada?"

"Baada ya ibada hakula. Alipokea wageni."

"Aliwapokea kwa mkono au kwa mdomo?"

Nikasema kwamba ulikuwa mkate uliobarikiwa.

"Baraka haiondoi wanga, Taita. Umempa makapi siku sita, na siku ya saba umemwagia yote petroli."

Sijapata kusemwa hivyo na mwanamke, nisipokuhesabu wewe.

Jumapili iliyofuata nilisimama kigangoni nikawaomba waamini wasimletee tena mama yangu mkate wala wali wala soda. Mwenye kutaka na alete maharage makavu au shayiri isiyokobolewa. Nikaona nyuso zinafunga kama milango. Mzee Casimiro, aliyenisimamia siku ya ndoa yangu, alisimama na kofia yake. "Haya, ndugu zangu, mmesikia. Zamani don Leopoldo alikuwa hagusi chakula cha mikono yetu. Leo tumepata don Leopoldo wa kwetu, tena anajua kusali." Akatoka. Nusu ya mabenchi ikamfuata. Leo nimeongoza ibada mbele ya wanawake wa ukoo wangu na mbwa wawili. Hivyo usidhani mkate ule haujanigharimu kitu.

Tena nina neno la mwisho. Nilipotandua kitanda cha mama ili Zoila afue mashuka, nilikuta chini ya godoro pakiti za biskuti za chumvi na mikate iliyokauka, imefungwa kwa karatasi yenye jina la duka lako. Nilimbana Nabor, naye akakiri kwamba anazileta kila Alhamisi kwa amri yako, kwa siri, nisijue. Namba uliyokuwa ukiniuliza kwa uchungu kiasi hicho, uliipandisha mwenyewe.

Usije na gari lako. Utakuta mlango umefungwa.

Melchor Pilatasig


Zahanati ya Pucará Alto, 27 Novemba 1994

Melchor na Hermelinda,

Anayeandika ni Zoila. Nimemwambia asipambe neno. Barua ni mbili, zinafanana, msije mkagombania nani kapata iliyo ndefu.

Barua zote za Hermelinda nimezisikia, Zoila kanisomea. Melchor, unazificha nyuma ya sanamu ya Mtakatifu Isidori ukidhani huko hatufagii.

Kwa Hermelinda nilikula wali kwa sababu Hermelinda alikuwa anakaa mbele yangu akinitazama mdomo. Kwa Melchor nilikula mkate kwa sababu watu wa Melchor walikuwa wanakaa mbele yangu wakinitazama mdomo. Biskuti za Alhamisi nilikula peke yangu, kwa sababu zilinukia nyumba ya binti yangu. Mmenigombania kama mbuzi wa arusi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nina njaa.

Sasa sikieni habari za wali. Hermelinda, ule wali wa don Leopoldo ulioulilia pale mlangoni, mimi nilikuwa nauonja kila siku kabla haujaenda mezani. Haukuwa na kitu. Ulikuwa kama kutafuna mawingu. Nikirudi nyumbani nilikuwa nalamba machika kiganjani ili tumbo lijue limekula. Sikuwaambia. Mlikuwa mnauota ule wali, na watoto wasio na blanketi hawanyang'anywi ndoto.

Na wewe, Melchor. Kila mwaka, kabla sijahamia Quito, nilikaa benchi la mbele nikikusikiliza ukihubiri miguu ya don Leopoldo. Nani alikuwa mpishi wake? Wali asubuhi, wali mchana, mkate mweupe, peremende za maziwa. Maharage yake niliyachuja kwa kitambaa, kwa sababu bwana hapewi maganda. Maganda na makapi tulikula sisi, na sisi tukabaki na miguu. Alitupiga, ndiyo, na hilo ataulizwa na Mungu. Lakini miguu yake haikuoza kwa ajili ya migongo yetu. Haikuwa hukumu, mwanangu. Ulikuwa upishi wangu. Na kidole changu hakikuoza kwa dhambi ya Hermelinda wala yako. Nimekula alichokula yeye, kwa miaka michache tu, kwa mikono ya watoto wangu walionipenda. Nami ndiye niliyewafundisha kwamba heshima ni nyeupe na laini. Sikujua. Sasa najua.

Sista anasema kidole cha pili huenda kikapona. Hakuahidi. Kidonda kioshwe kila siku, vidonge nisiruke, maharage na maganda yake, bakuli si ndoo. Nitakaa hapa mlimani mpaka kidonda kifunge. Kisha nitakwenda ninakotaka, kwa miguu nitakayokuwa nimebaki nayo, na hakuna wa kunibeba mgongoni.

Hermelinda, leta jiwe langu. Sikukupa likafunge mlango.

Melchor, isome barua hii kigangoni, mbele ya Casimiro. Isome yote.

Na mtu yeyote atakayekuja kuniona, wa mjini au wa mlimani, aje mikono mitupu. Nataka nione ni nani atakuja.

Mama yenu, Rosario
(kidole gumba chake kiko hapa chini, wino umechafua kidogo)


Quito, 11 Desemba 1994

Kaka,

Jiwe analo Nabor. Nimelifunga kwa shuka ya mama, na ndani ya shuka kuna viatu vyake vya sufu. Mlango wa duka sasa unagonga mchana kutwa kwa upepo, na kila unapogonga nakutaja wewe, na si katika sala.

Usidhani tumepatana. Ulimchukua mama yangu nikiwa sokoni. Hilo sijalisamehe, na biskuti zangu sikuombi radhi kwazo. Wali nimeacha kupika kwa sasa. Watoto wananiuliza kuna msiba gani.

Nabor kaniambia ulisoma barua ya mama kigangoni, na mabenchi yalijaa kwa sababu Casimiro alitaka kusikia ukiaibika. Kaniambia ulisoma vizuri, sauti yako ileile ya Ijumaa Kuu, mpaka ulipofika kwa don Leopoldo, ukageuza ukurasa mapema. Na kwamba mama alikuwa pale, amekalishwa kwenye kiti cha zahanati, akagonga fimbo chini akasema mbele ya watu wote, "Umeruka, Melchor." Na ukarudi nyuma, ukasoma.

Nilicheka mpaka wateja wakaniogopa. Halafu nikafunga duka kidogo.

Nabor anasema Jumapili iliyopita Casimiro alikuja kwa mama, akasimama mlangoni muda mrefu hajui aiweke wapi mikono yake. Mwishowe akaingia, akakaa, wakaongea habari za baba.

Nitakuja Krismasi. Sileti mkate, sileti wali, sileti biskuti, sileti hata mfuko. Nitashuka kwenye basi mbele ya Pucará yote mikono yangu ikining'inia mitupu kama ya mwendawazimu, na ole wake atakayenitazama.

Kaanga shayiri. Usiiunguze kama mwaka ule. Nitasaga mwenyewe.

Hermelinda